Hata Kama Mzigo Utaoza

Mwezi uliopita Tatu alinijia kutoka Mitundu, na mwanawe Idi nyuma yake akiwa amebeba jogoo aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Mimi sikumtambua pale mlangoni. Yeye ndiye aliyenitambua, akasema, "Mama Nasra, kumbe bado uko nyumba ileile," na ile sauti ikanirudishia kila kitu kabla macho yangu hayajakubali. Nikawakaribisha chumba cha mbele. Tulisalimiana sana, tukaulizana watoto, mvua, magoti, tukarudia tena mvua, kama watu wanaoogopa salamu zisije zikaisha. Idi alinipa shikamoo yake kwa adabu, akainama kuvua viatu. Ni mwanamume mzima sasa. Ana mabega ya baba yake, na alipoinama nikalazimika kutazama ukutani. Nilipowaletea chai na viazi, Tatu hakugusa kikombe. Alisema, "Idi amepata lori lake mwenyewe. Kampuni wamekubali kulichukua na yeye mwenyewe aendeshe, ila wanataka mchanganuo wa biashara. Wapo vijana wa kuandika mjini, wana kompyuta. Nimemwambia hapana, twende Utemini kwa mama yako mkubwa." Nikamjibu kwamba macho yangu si yale, na mkono wangu unatetemeka. "Tetemeka nao," akasema. "Lakini andika wewe."

Mungu amenipa umri ambao sikuuomba, na ninamshukuru kwa kila siku yake. Miaka mingi nimefundisha watoto wa chuo cha Kurani kusoma na kuandika, na watu wa mtaa wameniletea kila namna ya maandishi niwaandikie: maombi ya viwanja, barua za posa, wosia. Lakini mchanganuo niliuandika mmoja tu, mwaka ule nilipokuwa bado kijana na Nasra ananyonya, na baada ya hapo kila aliyenitajia neno hilo nilimwelekeza kwa mtu mwingine. Nadhani Tatu alilijua hilo. Nadhani ndiyo sababu alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu.

Mwaka ule mume wangu aliacha kuendesha magari ya watu. Alipata lori lake, kuukuu lakini zima, na kampuni moja ya usafirishaji ikakubali kufanya naye kazi. Mpango wao ulikuwa hivi: gari lake, usukani wake, matengenezo yake, wao wanatafuta mzigo, na mlangoni linaandikwa jina lao. Mtu akiliona barabarani asingejua kama ni gari la mtu binafsi wa Utemini. Magari yote ya namna hiyo waliyapaka rangi moja, nyekundu na mstari mweupe ubavuni. Ila kabla ya kutia saini walitaka kila mwenye gari alete mchanganuo ulioandikwa. Mume wangu alirudi nyumbani na habari hiyo akicheka bila furaha. "Wanataka niwaandikie nitakavyoendesha," alisema. "Ningejua kuandika hivyo ningekuwa dereva?"

Basi tukaandika, yeye akisema na mimi nikishika kalamu. Tulikaa kwenye mkeka chumba hikihiki, alasiri baada ya alasiri, upepo wa Singida ukisukuma vumbi chini ya mlango. Kando ya ukuta kulikuwa na magunia ya vitunguu, na harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye nywele za mtoto, mpaka kwenye ugali. Mama mkwe wangu alikaa kizingitini akichambua mlenda, anasikiliza. Sehemu za mwanzo zilikwenda vizuri, na hata zilitupa raha. Aina ya mzigo: vitunguu na alizeti. Njia: magharibi kwenda Mwanza kwa kupita Sekenke, mara nyingine mashariki kwa kupita Ikungi. Mume wangu alizitaja barabara kama mtu anayetaja ndugu zake, huyu mkali, huyu mpole, huyu usimwamini wakati wa mvua. Mama mkwe aliitikia kila mara, "Eee, mwanangu, sema vizuri, waandikie." Halafu tukafika kwenye kichwa cha habari ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imekiandika kwenye maelekezo: Vihatarishi.

"Ni nini hicho?" mama mkwe aliuliza.

"Mabaya yanayoweza kutokea kwenye kazi, mama."

Aliacha mlenda. "Na wewe utayaandika? Kwa majina yake?"

"Ndivyo wanavyotaka, mama."

"Huo ni uchuro, binti. Unamchuria mume wako kwa mkono wako."

Nilikuwa nimesoma. Nilijua, na hata sasa najua, kwamba mtu mwenye imani hapaswi kuogopa neno wala ndege wala paka anayekatiza njia, na kwamba mauti yana siku yake ambayo hakuna kalamu ya binadamu inayoweza kuisogeza mbele wala nyuma. Nilimweleza hivyo kwa heshima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwalimu. Basi andika," akainuka akaenda uani. Nikamsikia akiongea na jirani juu ya ukuta, si kwa kunong'ona: "Mwanangu wanamwandikia msiba mle ndani. Mzima, ametoka kula sasa hivi, wanamwandikia." Mume wangu aliyasikia pia. Alinitazama, nikamtazama, na wala hakuna aliyecheka.

Tukaandika mambo manne. Vitunguu kuoza njiani. Tairi kupasuka. Gari kushindwa kushika breki mlimani. Hilo la nne nililiandika haraka, bila kuinua kichwa: dereva kufariki. Na kwa sababu mkono ulikuwa mzito, na kwa sababu ya yule mama uani, nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Baada ya kila baya niliongeza maneno matatu, Mungu apishe mbali. Vitunguu kuoza njiani, Mungu apishe mbali. Tairi kupasuka, Mungu apishe mbali. Ukiyasoma yote kwa pamoja yalikuwa kama uradi. Mama mkwe aliporudi nikamsomea hivyo, akatulia kidogo, akasema walau nimeyafunika.

Karatasi zilirudi baada ya muda, zimepigwa wino mwekundu. Afisa wa kampuni, kijana mpole aliyevaa tai hata kwenye joto, alikuwa ameyakata maneno yale yote, moja baada ya jingine, kwa mstari ulionyooka. Alituita ofisini kwake, chumba kidogo chenye harufu ya rangi mpya. "Dada, mwandiko wako ni mzuri kuliko wote," aliniambia. "Lakini hii ni biashara, siyo dua. Mkiandika Mungu apishe mbali mnakuwa mmemaliza. Mimi nataka kujua yasipopishwa mtafanya nini." Hakuwa mtu mbaya. Nimemwombea mara nyingi. Lakini nilipoiona ile karatasi, mabaya manne yamebaki wazi bila kifuniko, nilihisi baridi mgongoni ambayo elimu yangu yote haikuweza kuipasha moto. Mama mkwe hakujua kusoma, ila wino mwekundu aliuona. "Wamekata jina la Mungu," alisema, "wameacha mengine."

Kwa hiyo tukakaa tena mkekani, safari hii kuandika tutakachofanya. Hapo ndipo mume wangu alipobadilika. Alikuwa akinitajia mambo kwa mzaha. Sasa kila jibu alilipima kwanza. Tulipofika kwenye breki na mlima alisema, "Andika: mvua ikinyesha, gari halitashuka Sekenke. Dereva atasubiri juu mpaka njia ikauke." Nikaandika. Akaniambia nimsomee, nikamsomea. Enzi hizo mlima ule ulikuwa udongo mtupu, na mvua ikiupata unateleza kama sabuni. "Wataniuliza vitunguu je," akasema. "Ongeza hapo: hata kama mzigo utaoza." Nikamwambia kampuni haitapenda. "Sijaambiwa niandike wanachopenda. Ongeza. Halafu nisomee tena." Aliirudia sentensi ile kwa midomo yake kama mtoto anayehifadhi sura, na alipotia saini alitia kwa bismillahi. Kwa lile la nne alisema tu, "Andika kwamba familia itaamua," akaenda kuosha mikono.

Sasa nimseme Shabani. Shabani alikuwa mume wa Tatu, jirani yetu wa ukuta mmoja, naye dereva, naye amepata lori kwa mpango uleule. Alikuwa mtu wa vicheko. Akiingia kwetu hata mama mkwe alianza kutabasamu kabla hajasema neno. Aliniita shemeji na kunitania juu ya kila nilichopika. Siku moja alikuja na kuomba mchanganuo wetu autazame. Jioni aliurudisha. "Shemeji, nimemaliza kazi," alisema. "Nimeupeleka stationari, kijana ameupiga chapa wote kama ulivyo. Nimebadilisha jina la mwenye gari tu."

"Umeusoma lakini?" mume wangu alimuuliza.

"Nisome nini tena, na aliyeandika ni ustadhati? Mimi nimetia saini kwa imani."

Tulicheka wote. Tatu alikuwa kwenye kizingiti, Idi mdogo mgongoni mwake, akacheka pia, ingawa sidhani kama alijua tunacheka nini.

Mkataba ukapita, magari yote mawili yakapakwa rangi nyekundu, na mwaka ukaanza kwenda. Safari za mwanzo zilikuwa njema. Kisha, msimu wa mvua ulipokaribia, mzigo mmoja wa vitunguu ulikwama foleni ya kushusha na ukaoza. Mume wangu alirudi akinuka vibaya, akaoga mara mbili, akasema ni kawaida. Mama mkwe alikunja kidole kimoja. Si muda mrefu baadaye, siku ya mnada Ikungi, tairi la mbele lilipasuka karibu na watu. Kwa rehema za Mungu hakuumia hata mbuzi. Mume wangu aliisimulia kwa kicheko wakati wa kula, na mama mkwe, mkono wa kulia ukiwa kwenye bakuli la mlenda, alikunja kidole cha pili cha mkono wa kushoto juu ya goti, taratibu, nikaona. "Bado mawili," alisema, kana kwamba anahesabu vikombe.

Nilimwomba aache. Nilimwambia mambo hayo huwapata madereva wote, na ndiyo maana tuliyaandika. Lakini tangu siku ile sikuweza kulisikia lori likiondoka bila kusimama mlangoni mpaka mlio wake upotee. Nilisali, nilisoma, niliwafundisha watoto wa watu kwamba hakuna baya linaloletwa na maneno. Na nikirudi nyumbani nilikuwa naigeuza ile nakala yetu ya mchanganuo kule juu ya kabati, uso chini. Leo nikiwa na mvi ninaona kwamba imani yangu ya wakati ule ilikuwa nyumba yenye paa zuri na ukuta mmoja haupo, na ni upande huo upepo ulikuwa unapulizia.

Siku yenyewe magari mawili yaliondoka pamoja alfajiri, yote na vitunguu, yote ya Mwanza. Wingu lilikuwa zito upande wa Iramba. Kesho yake baada ya adhuhuri alikuja mtu mlangoni, mfanyabiashara wa kuku aliyekuwa ameshuka kwenye basi kutoka Shelui. Alisimama na kofia mkononi akiuliza kama hapa ni Utemini kwa madereva. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Mimi nilikuwa ndani, Tatu ameniletea unga, tukasikia wote wawili.

"Kuna gari limeanguka Sekenke, mama. Lori la vitunguu."

"La nani?"

"La ile kampuni. Jekundu. Nimesoma mlango."

"Dereva?"

Yule mtu alikohoa. "Walikuwa wameshamfunika. Wanasema ni mtu wa Utemini."

"Mtu wa Utemini yupi, baba? Jina lake?"

"Hawakunitajia. Basi halikusimama sana."

"Hukuona jekundu jingine?"

"Juu kabisa yalisimama magari mengi, mama, ila mvua ilikuwa kubwa. Sikuyatazama."

Mama mkwe aligeuka akanitazama mimi. Nilikiona kidole chake cha tatu kikiwa kimekunjwa, na cha nne kimebaki kimesimama.

Tuliketi kwenye mkeka, mimi na Tatu, bega kwa bega, tumeshikana mikono. Idi alilala kwenye gunia. Hatukuwa na namna ya kupata habari nyingine ila kungoja. Nikainua mikono kuomba. Nilikuwa naomba tangu utotoni, maneno hayajawahi kunikosa. Nikataka kusema, Ee Mola, asiwe mume wangu. Hapo ulimi ukasimama. Kwa sababu aliyekufa alikuwa ameshakufa. Gari lilikuwa moja kati ya mawili. Na kuomba asiwe wangu ilikuwa ni kuomba awe wa huyu niliyekuwa nimemshika mkono. Nikajaribu kusema kile kila mtu husema, Mungu apishe mbali. Nikajiuliza, mbali ni wapi? Mbali, siku ile, ilikuwa upande wa pili wa ukuta wetu. Ilikuwa ni Tatu. Maisha yangu yote nilikuwa nayasukuma mabaya kwa maneno yale na sikuwahi kuuliza yanakwenda kuangukia mlango wa nani. Nikashusha mikono. Nikamtazama Tatu, naye mikono yake ilikuwa imeinuliwa nusu, haipandi wala haishuki, na nikajua amefika palepale nilipofika. Tukakaa hivyo, waumini wawili tusio na dua.

Jua likiwa linaelekea kuzama gari dogo la wazi lilisimama nje. Tulitoka tumeshikana tena mikono. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma kando ya mtu aliyefunikwa turubai, matope mpaka kifuani. Alishuka. Hakunitazama mimi. Alimtazama Tatu.

Nyuma yangu mama mkwe alisema, "Alhamdulillahi," kwa sauti kubwa, na neno lilelile lilikuwa limeshajaa kinywani mwangu, na nikahisi mkono wa Tatu ukitoka ndani ya mkono wangu.

Baadaye mume wangu alinieleza. Walikuta mvua imeukamata mlima. Yeye akaegesha. Shabani akasimama pembeni yake, akamcheka dirishani: "Wewe siku hizi unaendesha karatasi? Vitunguu vitakufia hapa." Mume wangu akamwambia, "Tuliandika, Shabani. Nimetia saini." Shabani akajibu, "Hata mimi nimetia saini, mbona silali barabarani?" Akatia gia, akashuka taratibu, kwa ustadi, na kona za mwanzo alizipita. Mume wangu alisema sauti ya breki ilipokoma alidhani amefika salama.

Siku za msiba yule afisa alikuja kutoa pole, na tai yake. Alikaa na wanaume, lakini alipoaga alipita kwa Tatu, na kwa huzuni ya kweli akasema, "Dada, na mwenyewe alituandikia kabisa kwamba mvua ikinyesha hatashuka." Tatu aliinua uso. "Aliandika nini?" Afisa akarudia. Tatu akageuza macho taratibu mpaka yakafika kwangu, akanitazama kwa muda, wala si kwa chuki. Alipomaliza eda kaka zake walikuja kumchukua kwenda Mitundu. Tuliagana vizuri. Lakini hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu, na miaka ikapita juu yake.

Mama mkwe alikufa akiamini kwamba ule uchuro ulikuwa wa mwanawe na ulihama tu. Mimi sikuamini hivyo, na siamini. Siku ya Shabani ilikuwa siku ya Shabani. Mume wangu aliendesha miaka mingi baada ya hapo, mlima ukawekewa lami, na lile jambo la nne lilimkuta miaka michache iliyopita kitandani mwake, kidole cha shahada kimeinuka, nikiwa nimemshika kichwa. Familia ikaamua, kama tulivyoandika. Lakini kidole kile cha mama mkwe sijaacha kukiona.

Basi mwezi uliopita nilitafuta miwani, Idi akakaa pale alipokuwa akikaa mume wangu, nikaandika. Aina ya mzigo, njia, matengenezo. Tulipofika kwenye vihatarishi niliandika yote manne na sikuongeza kitu. Idi alichungulia, akacheka kidogo, kicheko cha baba yake. "Mama mkubwa, hapo si ungeweka walau Mungu apishe mbali?"

"Asiweke," Tatu alisema. Ndipo akachukua kikombe cha chai, kilichokuwa kimepoa, akakishika bila kunywa. "Soma, Mama Nasra. Soma kwa sauti mpaka mwisho. Mara ile hakunisomea mtu. Ningeyajua yale maneno, Shabani asingetoka nyumbani asubuhi ile kabla sijamwimbia yote mlangoni, na angenicheka, na angeyakumbuka."

Nikasoma. Sauti yangu si nzuri tena. Nilipofika kwenye mlima na mvua Idi alikuwa anatazama simu yake, na mama yake akanyoosha mkono, akaifunika kwa kiganja.

"Sema wewe," akamwambia.

"Mvua ikinyesha gari halitashuka," Idi alisema. "Nitasubiri juu."

"Hata kama?"

Alinitazama mimi, kijana yule, kama anaomba nimwokoe. Nikasubiri.

"Hata kama mzigo utaoza," akasema.

"Sema tena," Tatu alisema.